Kuni za Mtaro wa Kiwanda

Kiwanda cha korosho kilipofungwa, hapa Mtama,
walibeba mashine, walibeba mabati,
hata bawaba za milango.
Mtaro walituachia.

Mweusi, unang'aa kama kitako cha sufuria,
mafuta ya maganda, salfa iliyolowa,
na harufu ile inayokaa kooni
kama neno uliloogopa kulisema.
Mimi mafuta hayo nayajua. Miaka tisa nilibangua,
viganja vikababuka, alama za vidole zikafutika;
siku ya kujiandikisha kupiga kura
mashine ilinikataa mara nne.

Nikapanda mijohoro. Miche mia na arobaini,
kwenye chupa za maji zilizokatwa shingo.
Ukingoni matete, miguu ndani ya uchafu.
Akina Nambunga wakanicheka kisimani:
"Somoe analima kuni! Kuni zinaliwa?"
Sikujibu. Nani kati yao
aliwahi kula mhogo usiopita motoni?

Mwaka wa kwanza ilikufa hamsini.
Wa pili, mizizi ikashuka gizani,
ikanyonya, haikutapika.
Wa tatu nikainua panga.
Mjohoro ukiukata umeuamsha:
kisiki kimoja, machipukizi saba,
yanasukumana kama watoto wanaopigwa picha.

Sasa Hokororo anachomea matofali fito zangu,
na miombo ya kilimani imevuta pumzi,
shoka limezoea njia nyingine.
Vyura wamerudi mtaroni. Usiku kucha kelele.
Mume wangu analalamika;
mimi nalala fofofo.

Jana Asumini, mjukuu wangu wa darasa la tano,
aliuliza ambalo hata bwana shamba hakuuliza:
"Bibi, sumu iliyopanda mtini,
ukiuchoma mti, yenyewe inakwenda wapi?"

Mtoto huyu!

Nikampeleka nyuma ya tanuri,
nikamwonyesha pipa la majivu lenye kifuniko,
mbali na mchicha, mbali na kuku.
"Moshi je?" Nikanyamaza.
Akalitazama pipa, akanitazama mimi.
"Na likijaa?"

Maji ya mtaro leo yana rangi ya chai kavu.
Juzijuzi yalikuwa lami.
Siyanywi. Bado.
Naongeza jiwe juu ya kifuniko,
kisha naketi kunoa panga,
na lile swali lake
linanoleka pamoja nalo.