Korosho Hazilii

Redio ya mlinzi ilisema usiku, hapa ghalani Kitangari,
kwamba kuna chombo kilitumwa Mirihi,
kikasafiri miezi tisa bila kulalamika,
kikafika, kikainama kuingia,
kisha kimya.
Waliokiunda walihesabu nguvu kwa pauni.
Waliokiongoza walizisoma namba zilezile kwa kipimo kingine.
Namba hazikugombana. Namba hazina mdomo.

Chimbende mlinzi akacheka: "Kumbe na huko juu kuna kangomba!"

Mimi sikucheka.
Nilikuwa nimeishika fomu ya Novemba:
magunia mia nne na kumi,
unyevu asilimia tisa, daraja la kwanza,
mkaguzi Somoe Nangonga. Na sahihi yangu,
ile yenye mkia mrefu
niliyojifunza kidato cha pili ili nionekane mtu.

Kipima unyevu kilianguka mwezi wa sita.
Kilipookotwa kiliwaka, tukashukuru.
Kuwaka tukakuita kupona.

Siku ile Dadi, mbeba magunia,
alichota konzi, akaitikisa sikioni
kama mtu anayesikiliza simu mbovu.
"Dada Somoe, hizi hazilii."
Korosho kavu hulia, kila mtoto wa Newala anajua,
kokoto ndani ya kopo.
Zile zilisema pu, pu,
kiganja juu ya mlango wa mgonjwa.
Nikamwonesha kioo: tisa.
Nikamwambia, una shaka? Jaza fomu.
Dadi haandiki zaidi ya jina lake.
Akajitwika gunia.

Lori likashuka mlima na kona zake zote,
likafika bandarini Mtwara salama.
Salama ni neno la barabara, si la gunia.
Yalipofunguliwa ng'ambo, kuvu ilishaota ndevu.

Kikao kilitaka jina.
Jina lilikuwapo, na mkia wake mrefu.
Hakuna aliyekiuliza kipima unyevu,
nacho kilikuwa palepale mezani,
kimekalia barua ya wanunuzi
isipeperushwe na feni.

Shuleni nilifundishwa mizani ya shairi,
nane huku, nane kule,
ikipungua moja sikio linashtuka.
Sikio, si daftari.
Basi usiku huu nimejaribu somo la kubandika ukutani:

*Kipimo nacho hupimwa, kabla ya kwenda kupima,*
*Hata asemaye kuli, asikizwe akisema,*
*Fomu haioni kuvu, sahihi si jicho zima,*

Mstari wa nne umenigomea.
Kila nikiuhesabu, unapungua mmoja.

Kumekucha. Kipima unyevu kimo katika katoni,
kinakwenda Mtwara kupimwa chenyewe.
Dadi yuko mlangoni na gunia la kwanza,
ananitazama kwa chati, hajui nimeamkaje.
Nakinga kiganja.
Weka, nisikie.