Vipimo vya Mama

Nilitoka na futi shingoni, kama nilivyokuwa kazini,
pini tatu bado zimeng'ang'ania ukosi wa dera,
nikampeleka Mama yadini, nyuma ya Makupa,
ambako magari yaliyoshuka bandarini juzi
bado yananukia nchi ya wenyewe.

Ndugu yangu Badi ashachagua kabla hatujafika.
Alitaka lile jipu jeupe, lenye kifua.
"Dada, hili likipita Mwembe Tayari, watu watajua limepita."
Nikamwambia: watu hawaendi kliniki Jumanne na Ijumaa.
Linalokwenda ni goti la Mama.

Salmini muuzaji akatuonyesha jingine, rangi ya majivu.
"Hii ni saluni," akasema, akilipangusa kwa kiganja.
"Saluni?" Mama akauliza. "Watanisuka?"
Akacheka mpaka mkongojo ukamponyoka.

Basi nikavua futi.
Kutoka chini hadi kiti cha saluni: inchi ishirini.
Hadi kiti cha jipu: ishirini na nane.
Kitanda cha Mama ni ishirini na mbili. Sihitaji kukipima,
nimeinama hapo kila asubuhi miaka sita
kumvisha soksi.

Kwenye saluni alishuka kama anayetua ndoo kichwani,
pole pole, halafu ghafla.
Goti likabaki na vidole vinne mbele yake,
kichwa na inchi nne chini ya dari.
Mjukuu wake Swafiya akajipenyeza katikati,
miguu huku na huku ya kile kinundu cha sakafuni
kama aliyepanda punda.
Bega kwa bega, paja kwa paja. Mama akamfunika na ncha ya mtandio.
Nikashika kiti: kitambaa. Nakijua kitambaa kinachopumua.

Kwenye jipu aliinua mguu, akaurudisha.
Badi akakimbia kuleta kreti ya soda.
Mama akaitazama kreti.
"Na hii tutakwenda nayo hospitali?"

Lakini alipanda. Nisiseme uongo, alipanda,
na alipokaa, mgongo ulinyooka wenyewe,
goti likatulia kama la bwana harusi.
Swafiya alikuwa kule, upande wa pili,
baina yao nafasi ya mtu mzima na kapu lake,
na ngozi ya kiti ilikuwa imekunywa jua tangu saa tatu.
Nikaifikiria foleni ya feri ya Likoni, mchana, mwezi wa pili.
Mama hakufikiria foleni.
Alikuwa amegeukia dirishani, juu ya ukuta, juu ya mabati.
"Naona maji," akasema. "Naona mpaka Tudor."

Kumshusha kulituchukua watu watatu.
Hakuna aliyesema kitu. Salmini akajifanya anapokea simu.

Tulinunua la majivu.
Badi analiendesha amesogeza kiti mbele kabisa,
magoti yamekumbatia usukani kama panzi,
ili yale mengine, ya nyuma, yapate vidole vyao vinne.
Hanisemeshi, lakini kiti hakirudishi.

Usiku nikakata mto. Sufi, inchi mbili,
foronya ya mabaki ya pazia la mtu wa Kizingo.
Ishirini na mbili hizi mbili, sawasawa na kitanda.
Nikashona mara mbili pembeni, maana najua atakavyoburura.

Jumanne akaketi. Hakutua ndoo; aliketi tu.
Nikangoja anisifu.
Yeye anatazama nje: magurudumu ya lori,
viuno vya watu, ukuta.
"Hapa Tudor haionekani," akasema.
"La, Mama."
"Nishonee mto mwengine, uweke juu ya huu."
"Mtandio utagusa dari."
"Uguse."