Uzi wa Chini

Daktari wa Mbeya aliuliza kwanza: unakunywa?
Mimi, ambaye kimpumu nakijua kwa harufu tu,
misibani, kule Tukuyu.
Akarudia karatasi. Namba za ini zimepanda.
Akanitazama, futi nne na nusu juu ya kiti,
miguu haijagusa sakafu.

Nilizaliwa na kromosomu moja pungufu.
Mimi fundi cherehani, sikuhitaji mchoro:
uzi wa juu upo, bobini tupu.
Mashine inalia, kitambaa kinapita,
mshono haushiki.

Vidonge ndivyo bobini yangu. Tangu miaka kumi na tisa
vimenipa hedhi, kifua,
mifupa ya kubebea debe la viazi.
Lakini mama mdogo Subilaga alisema
dawa za kila siku huchoma ini,
acha, mwanangu, ini halina spea.
Nikaacha. Masika nzima nikaacha.

"Huenda kuacha ndiko kumezipandisha," daktari akasema.
"Rudia. Tutapima tena baada ya miezi mitatu."

Miaka yote nimesema maneno ya watu
yananikata maini:
kibeti, tasa, mtoto asiyekua.
Kumbe lenyewe lilikaa kimya chini ya mbavu
likingoja kitu cheupe, kidogo
kama kifungo cha shati la chekechea.

Leo nimefunga duka saa kumi. Ukungu umeshuka Rungwe.
Nimekunywa, daktari. Kwa maji ya moto.
Subilaga sijamwambia.
Namshonea gauni.