Chumba Kitupu

Kabla ya mashine, tunapima chumba kitupu.
Hilo ndilo la kwanza alilonifunza Bi Kuramochi
mwaka ule nilipofika Sakai na viatu vya kuazima:
tunapuliza ukungu wenye virusi visivyodhuru watu,
tunafunga mlango, tunakaza mpini, tunasubiri.
Hakuna feni. Hakuna taa ya zambarau.
Nusu saa ikipita, katika kila kumi
vinne vimekufa vyenyewe,
vimekauka, vimetua sakafuni,
vimechoka kuelea.

"Hivyo vinne," alisema, akipenga kamasi
(chavua ya mierezi humtesa kila Machi),
"havina mwenyewe. Mashine isije ikadai
maiti ambayo haikuiua."

Leo ni zamu ya Bwana Nishigaki.
Mashine ameileta mwenyewe, ameifunika kitambaa
kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa.
Sanduku lake limekwisha kuchapwa,
TISINI NA TISA NUKTA TISA kwa herufi za dhahabu,
nami hata glavu sijavaa.
Chema chajiuza; hiki kimekuja kwa teksi.

Ameleta pia kipande cha mshikio wa kitanda,
plastiki ya kijivu iliyochanganywa na fedha,
bila sanduku, ndani ya bahasha.
"Hicho mkipata nafasi," alisema.

Nikadondosha bakteria juu ya plastiki,
nikavifunika kwa utando mwembamba,
nikaviweka kwenye joto la mwili wa mtu
hadi kesho yake saa ileile.
Halafu sahani, halafu kuhesabu:
kalamu yagonga kioo, kidoa kwa kidoa,
mia mbili kumi na nne, mia mbili kumi na...
mtu akifungua mlango, naanza upya.

Baba alikuwa na mashine kama hii, kule Kishiwada,
kando ya kitanda, kitaa cha kijani usiku kucha.
Aliupenda muungurumo wake: ulimkumbusha
mota ya duka lake ikisaga soya alfajiri.
Alipofariki, Februari, muuguzi aliniambia,
"Angalau hewa yake ilikuwa safi."
Nami, kwa mazoea mabaya ya kazi,
nilikaribia kumuuliza: ukilinganisha na nini?
Hakuna baba wa pili,
kitanda kilekile, mapafu yaleyale, mashine imezimwa,
nimwandike kwenye safu ya kushoto.
Jaribio lilifanyika mara moja.
Nikainama, nikamshukuru.

Majibu: pamoja na mashine, wamekufa saba.
Toa vinne. Bi Kuramochi aliandika tatu
kwa penseli kwanza, kisha kwa wino.
Nishigaki alisema kwingine, katika sanduku la lita mia,
vilikufa vyote, hakikubaki hata kimoja.
"Basi wauzie wanaoishi sandukuni."
Akapiga chafya. Akaomba radhi kwa chafya tu.

Mshikio je? Ule wa bahasha?
Sahani zake zilikuwa safi kama vioo vya saa.
Nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu.
Plastiki ya kijivu, isiyo na sifa wala wimbo,
ndiyo iliyokuwa inafanya kazi
huku sote tukisikiliza feni.
Nilifikiria mkono wa Baba, jinsi ulivyoushika wake
kila alipotaka kugeuka upande wa dirisha.
Sikumbuki ulikuwa wa plastiki gani.

"Tatu inauzwaje?" aliuliza Nishigaki mlangoni,
si kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia.
Bi Kuramochi alifikiri kweli.
"Tatu si sifuri," akasema. "Anza hapo."

Akaondoka na mashine kifuani, kitambaa akakisahau.
Nimekikunja, nimekiweka juu ya kabati.
Kina harufu ya nyumba ya mtu.
Kesho asubuhi, nikikumbuka, nitampigia simu.