Walaji

Hatukuwa tukiwatafuta.
Nilirudi Corvelo kufungua banda la baba
kwa kuwa mnunuzi, mtu wa Vigo,
alitaka kiwanja kitupu kabla ya Jumatatu.
Mama alibaki jikoni akimenya viazi.
Hakutaka kuona.

Nyuma ya pipa la chumvi palikuwa na ndoo ya bati,
na ndani ya ndoo
kamba ya kome aliyoikata baba
majira yale ya baridi, meli ilipopasuka tumbo nje ya rasi
na bahari ikatujia nzito, nyeusi,
isiyotoa hata sauti ya wimbi.
Nilikuwa na miaka tisa.
Harufu nimeisahau. Ukimya ule, bado.

"Wakija watu wa bima," alisema baba, "nitawaonyesha."
Walikuja. Waliandika, wakanywa kahawa,
wakasifu mandhari, wakaenda.
Ndoo ikabaki pale chini ya ukuta uliobomoka,
kila bamvua likiijaza upya,
miaka kumi na tisa.

Nikaivuta kamba.
Nusu ya juu ilikuwa lami.
Nusu iliyozama ilikuwa kamba.

Mimi si daktari. Naosha vyombo vya maabara:
chupa, mirija, visahani vya kioo.
Kazi hii imenifunza tabia moja tu,
kutazama mahali palipo safi
na kuuliza nani amepaosha.

Niliifunga kamba kwenye mfuko wa mkate,
nikapanda nayo basi, nikiipakata.
Daktari Noemí Barreiro alicheka alipoiona.
Wiki ya tatu aliniita kwenye hadubini
na hakuwa akicheka.

Vifimbo, basi. Vifupi, vinene kidogo,
vimelizunguka tone la mafuta
kama wageni waliowahi karamuni
na hawana haraka ya kwenda kwao.
Asubuhi tone lilikuwa dogo.
Kesho yake tulilitafuta.

Tuliwatia kwenye joto, wakafa.
Tuliwapa maji ya bomba, wakafa.
Tuliwarudishia baridi ya Corvelo na chumvi ya Corvelo,
wakala.
Haba na haba, husemwa, hujaza kibaba;
hawa haba yao hukikausha.

Jina hawana bado. Lebo inasema NDOO 7,
kwa mwandiko wangu, na nukta imemwagikiwa chai.
Daktari hupenda neno "huenda".
Huenda wakaifaa bandari. Huenda wakashindwa na mawimbi.
Huenda walikuwepo siku zote, wachache, wenye njaa,
wakilamba mafuta yanayovuja kwenye nyufa za sakafu ya bahari,
hata msiba wetu ukawaandalia meza.
Hilo la mwisho lilinikosesha usingizi.

Nilimpigia mama simu.
Nikamweleza polepole, nikamwambia: yaliyomwagika
hayazoleki, mama, lakini yanalika.
Alinyamaza. Nikasikia kisu chake kwenye ubao.
"Wanakula na deni?" akauliza.
"Wanakula na miaka ile baba yako alipokwenda
kupaka rangi meli za watu kule Bilbao
akarudi na kikohozi?"
Sikuwa na jibu. Hata "huenda" sikuwa nalo.

Alikuja mwezi wa tano bila kuniarifu,
koti lake la kanisani, mkoba mbele kama ngao.
Nilimwekea kiti. Nilimrekebishia lenzi.
Akafumba jicho moja, kisha jingine,
kisha akapata.

Alitazama hata chai ya daktari ikapoa.
"Wadogo hivi," akasema.
Halafu, kwa sauti ile ya mezani,
ya jioni ambazo chakula hakikututosha
na yeye alidai ameshiba:
"Kuleni. Kuleni, msibakishe."

Akajifuta jicho, lile la lenzi,
akauliza kama basi la saa kumi
bado hupitia sokoni.