Kanda Zisizo na Majina

Lebo zimebanduka zote. Joto la Ganjoni
limekula gundi, mende wamekula karatasi,
zikabaki kanda tano ndani ya mkebe wa biskuti
na mimi, Mwanakheri, opareta wa simu mstaafu,
niliyezoea kumjua mtu kabla hajataja jina.

Akisema mai, nilimuunganisha na Lamu bila kuuliza.
Akisema mtele, lakini maji yake yakabaki maji,
huyo ni wetu, Kibokoni au Kuze.
Akihesabu hadi chachu, Mbajuni.
Hospitali nzima ilijua: sikio la Mwanakheri halikosei.

Shimoji alilazwa kwa mawe ya figo,
fundi mitambo wa meli ya magari.
Saa nne za usiku huteremka na slipa za wodi,
anywe chai yangu, angoje laini ya kwao.
Nikamwambia, "Kijapani chako kitamu."
Akaweka kikombe.
"Si Kijapani," akasema,
kama mtu anayerudisha chenji pungufu.

Basi akanifunza. Ua,
kwenye kisiwa kikubwa, ni hana.
Kwao Miyako ni pana.
Nikacheka: huyu hana, yule pana!
Nyumba, kisiwa cha mwisho kabisa, ni da,
na mlima ni dama;
hapa tungeupanga ubaoni tukaulia kete.
Na mtu?
Akabana midomo, akapuliza kama azimaye kibiriti:
pstu.
Mtu, nikamjibu.
Pstu. Mtu. Pstu. Mtu.
Hadi nesi wa zamu akatoka kutunyamazisha.

Aliruhusiwa siku niliyokuwa likizo.
Mkebe ulikuwa juu ya meza yangu, umefungwa bendeji.

Leo mvua inanyesha, nina redio na betri nne mpya.
Kanda ya kwanza: ajuza, p zinamruka
kama bisi kwenye sufuria isiyo kifuniko.
Miyako. Naandika.
Ya pili: d pale nilipongoja y.
Kile cha mwisho. Naandika.
Ya tatu inanishinda. Kuna irabu
si i, si u, imesimama katikati ya mdomo
kama mgeni asiyeonyeshwa kiti.
Naandika: uliza.
Nimuulize nani?
Ya nne ni kikohozi na nyundo.

Ya tano, mwanamke. Anasema polepole,
mwisho wa neno anauvuta, halafu anauachilia.
Sauti nyuma yake ni ya feni.
Nikasema, kisiwa kingine hiki.
Nikarudisha. Nikarudisha tena.
Nikachora mstari wa kuandikia jina.

Ndipo akataja Jomvu.
Jomvu Kuu, na kisima, na shangazi aliyekataa kuhama.

Mejumaa.
Mejumaa mfagiaji, wodi ya nne.
Miaka kumi na mmoja nilimwamkia kwa Kimvita
akaniitikia kwa Kimvita,
na chake akikiacha getini asubuhi,
akikichukua jioni.
Mgeni wa figo alimwomba akitoe.
Mimi nilimwomba apanguse meza.

Nimekata plasta, nimeibandika.
Kijomvu, nimeandika. Mejumaa binti
na hapo kalamu imesimama.
Jina la babake sikuwahi kulisikia.