Mizani ya Perisi

"Mti hauna haraka, mwenye haraka ni mwenye banda."
Ndivyo alivyonipokea Yoeli Chilongani, Kizota,
akanipa ufagio, si patasi.
Nikafagia vumbi la mninga miezi miwili
kabla sijagusa mashine.

Mashine yenyewe zamani ilisaga mahindi:
mota kuukuu, kitanda cha kipande cha reli,
mkanda tulioukata kwenye mpira wa trekta.
Asubuhi inakohoa kama ng'ombe mwenye mafua,
ikipata moto inatulia,
unaweza kunong'ona juu yake ukasikika.

Fimbo ya pulu haikerezwi siku moja.
Unapitisha kisu mara moja, unene wa ukucha,
kisha unaining'iniza darini kwa kamba ya katani
iseme yenyewe inataka kupinda upande gani.
Upepo wa Dodoma, huu unaotuchana midomo,
unanyonya unyevu bila kudai ujira.
Mwezi ukipita, unapitisha tena.
Tena.
Mara saba.
Katika tano, mbili zitapinda tu;
hizo tunawauzia wa Hombolo wasimamishie mizabibu,
na mzabibu haujawahi kulalamika.

Mpingo ndio kitako. Mpingo hautoi maranda,
unatoa unga, unakula ncha za chuma,
unarudi nyumbani unapiga chafya nyeusi.
Pete ni mfupa wa muundi wa ng'ombe:
niliuchemsha mwenyewe, mchana kutwa,
mpaka jirani akaja na bakuli.
Ncha ni ngozi, tabaka nane,
zimelala usiku chini ya jeki ya lori.

Akaja Perisi Mlewa, mpima magunia wa Kibaigwa,
mikono mifupi, sauti ya mnadani.
"Fimbo za baa zimekatiwa wanaume warefu.
Mimi nacheza kama anayechokoa papai."
Yoeli akampima kwa uzi, kwapa hadi kiganja,
akamwinamisha kwenye benchi, apige hewa.
"Uzito?"
"Nusu kilo na gramu ishirini.
Sitaki nyongeza, sitaki kupunjwa."

Miezi saba.
Akarudi na vumbi la barabara kwenye nyusi,
akailaza fimbo juu ya vidole viwili, akafumba macho.
Mshairi huhesabu mizani kwa mkono mzima;
yeye vilimtosha viwili.

"Imezidi."
"Mama, nimeipima."
"Imezidi sarafu ya mia mbili."

Mizani yetu ikasema: mia tano na ishirini.
Yoeli akacheka. Mimi nikatumwa kwa sonara,
nikarudi na mizani yake ndani ya boksi la viatu
nikiibeba kama yai.

Mia tano ishirini na nane.

Yoeli akavua kofia.
Miaka kumi na minne mizani ile imetudanganya,
nasi tukawadanganya watu kwa moyo mweupe.

Nikafungua mpira wa kitakoni,
nikaitoa skrubu ya shaba inayojificha humo.
Nilidhani atainyakua. Akasogea pembeni,
akaniachia mashine, mbele ya mteja.
Mkono ulitetemeka mpaka chuma kilipogusa shaba,
kisha ukakumbuka kazi yake.
Nyuzi za njano zikaruka, Perisi akaziokota moja moja.
"Na hizi ni zangu. Nimezilipia."

Vidole viwili. Macho yamefumbwa.
Hakusema asante, hakusema nzuri.
Akaifungua katikati, akaitia kwenye ala ya gunia
aliyoishona mwenyewe,
akauliza basi la Kibaigwa linaondoka saa ngapi.

Jioni tuliiuza mizani yetu kwa mnunua chuma chakavu.
Akaiweka kwenye mizani yake,
akataja kilo.
Tukatazamana, Yoeli na mimi.
Tukapokea hela.